Farakano la Ghala la Rangi

Watu wa ghala la rangi hawakulitoka Kanisa. Kanisa ndilo lililowatoka wao, likaenda zake na magitaa yake, nao wakabaki pale pale walipokuwa tangu enzi za mitume. Ilitokea tu kwamba pale pale penyewe palikuwa nyuma ya duka la rangi, ukishapita mapipa ya vanishi, mlango wa chuma wa kushoto.

Hivyo ndivyo baba mkwe wa mshonaji mmoja alivyolieleza jambo hilo, na alilieleza mara kwa mara, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na kazi ilikuwa imestaafu ofisini tu, mwilini haikumtoka. Alikagua chumvi kwenye mboga. Alikagua pindo za mapazia na mikao ya wajukuu mezani. Ukoo mzima ulimwita Mkaguzi, mkewe akiwemo. Siku moja, miaka michache nyuma, aliikagua Misa ya parokia, akaipa alama za chini kabisa, akanyanyuka na kutoka katikati ya matangazo. Tuseme haki, matangazo yenyewe yalikuwa marefu kuliko mahubiri, na kinanda kilikuwa kimejiwashia mdundo wa ngoma ambao mpigaji hakujua unazimwa wapi. Waumini wengine walivumilia, wakaenda nyumbani kula. Mkaguzi alikwenda kwa mdogo wake.

Mdogo wake ndiye mwenye duka la rangi, na nyumbani aliitwa Baba Mdogo. Alikuwa na ghala, na alikuwa na kinyongo na Paroko, kwa sababu kanisa lilipopakwa rangi upya, rangi ilinunuliwa duka jingine. Mmoja alileta hoja, mwingine akaleta paa. Wakajenga altare ya mbao iliyoelekea ukutani, wakapanga mbao juu ya ndoo tupu ziwe mabenchi, wakatafuta padre wa mrengo wao. Padre huyo hakukaa nao. Alikuja mara moja moja kutoka mbali, akiburuta sanduku la magurudumu lililokuwa na kila kitu cha Misa ya zamani ya Kilatini, kwa hiyo watu wakamwita Padre wa Sanduku. Jumapili asipokuwepo, Mkaguzi aliongoza rozari kwa Kilatini, na aliyekosea kutamka alirudishwa mwanzo wa fungu.

Mshonaji aliyatazama yote hayo kutoka nyuma ya cherehani lake. Alikuwa mke wa kitinda mimba wa Mkaguzi. Alishona mapazia, sare za shule na magauni ya harusi katika chumba cha mbele cha nyumba ya wakwe zake, na parokiani aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Aliwashonea wa parokia kanzu za kwaya, akawashonea wa ghala kasula za padre za mtindo wa zamani, zile zilizokatwa mabegani kama umbo la fidla. Wote walilalamika kuhusu pindo. Hapo, aliona yeye, Wakatoliki walikuwa bado wamoja.

Kisha akajifungua mtoto wa kiume, na amani ikaisha.

Uzazi ulikuwa mgumu. Mumewe alizimia koridoni, mama yake mzazi alikuwa hayupo duniani, na aliyemshika mkono tangu uchungu ulipoanza hadi kichanga kilipolia alikuwa mama mkwe. Mshonaji hakuwa mtu wa machozi wala maneno matamu. Alimwambia tu, akiwa bado amelala pale kitandani, "Mama, siku ya ubatizo wewe ndiye utakayempakata. Mbele ya watu wote." Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, halafu akageukia dirishani akawa anapangusa kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Mkaguzi alikuwa amempiga marufuku kukanyaga parokiani tangu siku ile ya matangazo.

Mambo yaliletwa mezani siku ya mlo wa pamoja.

"Mtoto wa ukoo huu," Mkaguzi alisema, akikilaza kijiko sambamba na ukingo wa meza, "habatizwi na padre anayewageukia watu kama mtangazaji wa redio."

"Mtangazaji wa redio haonekani uso, Baba," mshonaji alisema. "Labda wa televisheni."

Mumewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa fundi umeme, mtu mwema, hodari wa kufufua nyaya zilizokufa, ila mbele ya baba yake yeye mwenyewe aligeuka balbu iliyoungua.

"Naomba kuuliza kidogo," mshonaji aliendelea. "Nyie wa ghala mmo ndani ya Kanisa au mko nje?"

"Tumo ndani, mkwe wangu. Sisi ndio ndani yenyewe."

"Na Papa?"

"Tunamwombea."

"Mnamtii?"

"Tunamwombea sana."

Mama mkwe alicheka, akasingizia amepaliwa na maji.

"Na askofu?"

"Jina lake linatajwa katika kila Misa yetu," Mkaguzi alisema.

"Jina mnalitaja. Barua zake je, mnazijibu?"

"Mtu halazimiki kumjibu mtu aliyekosea."

"Kwa hiyo mmo ndani, lakini mwenye nyumba hamumsikilizi, chakula chake hamli, na watoto wake mnasema ni wa kambo."

"Anayeacha mapokeo ndiye aliyefarakana," Mkaguzi alisema kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa walimu waliochelewa. "Sisi hatujasogea hata kidole. Mtoto atabatizwa ghalani, Padre atakapokuja. Nimemaliza."

Alipomaliza yeye, wengine huwa wamemaliza. Mshonaji alikwenda jikoni, mumewe akamfuata. "Tukubali tu," alisema. "Baba akisusa, Mama haji. Mama asipokuja, ile ahadi yako unaipeleka wapi?"

Hilo lilimwingia. Ubatizo aliutaka uwe wa wazi, mtoto akiwa mikononi mwa mwanamke yule, ukoo wote ukitazama. Mahali pangeweza kujadiliwa. Hata hivyo hakutaka kujadiliana gizani, kwa hiyo alikwenda kwa Paroko.

Alimkuta sakristia, chumba cha mavazi ya Misa, amepiga magoti mbele ya spika iliyobomoka, bisibisi mdomoni. Mshonaji alimweleza yote, kisha akamuuliza swali lile lile. Hawa watu wamejitenga, au hawajajitenga?

Paroko alitoa bisibisi. "Hawafanani wote wanaopenda Misa ya Kilatini. Wapo waliopatana na askofu wao, wanasali zao kwa ruhusa, na hakuna mwenye neno nao. Wapo wengine ambao hata huko juu wanavutana kuhusu jina la kuwapa. Mimi ni paroko wa spika mbovu, siwezi kutoa hukumu. Ila nikuulize. Mtu ametoka sebuleni, hajaondoka, amesimama barazani. Kutwa anapiga kelele dirishani kwamba waliobaki ndani si watoto halali wa nyumba. Wewe utasema ametoka, au hajatoka?"

Mshonaji alifikiri. "Nitasema anasubiri kubembelezwa."

Paroko alicheka mpaka skrubu zikamwagika. "Hilo halimo kwenye sheria za Kanisa," alisema akiziokota, "na ni hasara kubwa." Halafu akawa makini. "Nisingependa umpeleke kule. Lakini sitakudanganya ili nishinde. Maji yakimwagika kichwani, na anayemwaga akasema maneno yenyewe kwa nia yenyewe, mtoto amebatizwa, hata ghalani. Na anabatizwa mara moja tu maishani. Harudiwi kama nguo isiyotakata."

Basi mshonaji akapiga moyo konde, akakubali ghala. Alimshonea mtoto gauni refu jeupe la kitambaa laini, na mama mkwe akafuma ua dogo kifuani. Padre wa Sanduku aliahirisha safari. Akaahirisha tena. Mwisho likaja jibu kwamba yule wa siku zote anaugua, na jumuiya yao ya mapadre ingemtuma mwingine, kijana, mwenye sanduku jipya.

Siku yenyewe ghala lilinukia ubani na tina ya kuyeyushia rangi, ndoa ambayo zimamoto wasingeifungisha. Mkaguzi alikuwa ameamuru makopo yasogezwe mbali na chetezo. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto na shela vichwani, na nyuma ya altare ukuta ulikuwa bado na kadi za rangi ambazo gundi yake ilikataa kubanduka, kwa hiyo mtu aliyeinua macho kwa ibada alikutana na aina zote za kijivu. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele na mtoto mapajani, mgongo umenyooka, kama mtu anayepigwa picha. Mshonaji alimtazama, akasema moyoni, haya, na iwe hapa hapa.

Baba Mdogo ndiye aliyetumikia altareni. Alipiga magoti kwenye ngazi, karibu kabisa na Padre kijana. Miaka yote alitumikia akiwa nusu kiziwi, na hakuna aliyeona tatizo, maana katika Misa ile sehemu kubwa ya katikati Padre huinong'ona mwenyewe, amewapa watu mgongo. Lakini wiki ile wanawe walikuwa wamemnunulia kifaa cha kusikilizia. Tangu akivae, kila kitu kilimkera: mlango, mkewe, mvua.

Padre alianza kunong'ona Kanuni, sala ile kuu ya katikati ya Misa. Ghala lilitulia. Ghafla Baba Mdogo akaichukua kengele ya altare na kuanza kuipiga, wala haikuwa saa yake. Waumini, waliozoea kwamba kengele ni kuinama, wakainama. Akazidi kupiga. Wakazidi kuinama. Bibi mmoja alifika sakafuni. Ndipo Padre alipogeuka.

"Umesema Yosefu," Baba Mdogo alimwambia.

"Samahani?"

"Kwenye orodha ya watakatifu. Umemtaja Bikira Maria, halafu ukamtaja Yosefu. Nimekusikia vizuri."

"Ndivyo kitabu kinavyosema, mzee wangu."

"Kitabu kipi? Cha yule wa zamani hakikuwa na Yosefu."

Kumbe kweli vilikuwa vitabu viwili. Papa mmoja, miaka michache kabla Misa yenyewe haijabadilishwa, alikuwa ameliongeza jina la Mtakatifu Yosefu katika sala hiyo. Padre mgonjwa alitumia kitabu cha kabla ya hapo, kijana alitumia cha baada yake. Tofauti ilikuwa jina moja, linalosemwa kwa mnong'ono, kwa Kilatini, na mtu aliyewapa watu mgongo. Ghala lingeweza kuishi milenia nzima bila kuligundua.

"Yosefu amekukosea nini?" mama mkwe aliuliza, kwa upole kabisa.

"Hajanikosea kitu, shemeji. Ni seremala mwema. Lakini akiingia yeye leo, kesho litaingia gitaa."

Mkaguzi alisimama upande wa wanaume. "Keti, wewe. Yule Papa alikuwa Papa halali. Jina ni halali."

"Ufa ulianzia kwake."

"Unamkagua Papa, wewe muuza vanishi?"

"Nani alinifundisha kumkagua Papa, kaka? Si wewe? Mlango ulioufungua mwenyewe sasa unataka nisipite?"

Mtu kama Mkaguzi akibanwa hutafuta mamlaka. "Padre, endelea. Huyu hana uamuzi hapa."

"Ghala ni langu," Baba Mdogo alisema.

Watu waliinamia viatu vyao. Baba Mdogo alikwenda akafungua mlango wa chuma wote, jua likaingia mpaka altareni, na kutoka nje sauti ya mteja ikauliza kama kuna rangi ya mabati. Padre kijana, ambaye alionekana kutamani mno kuwa mahali pengine, alianza kukunja vitambaa.

Mshonaji alisimama. "Naombeni jambo moja. Misa mtaimaliza wenyewe mkishapatana. Mtoto abatizwe kwanza. Watu wamekuja."

"Si chini ya paa langu, si na huyu," Baba Mdogo alisema. "Na wala usihangaike, mwanangu. Sikuwa na imani na padre wa kutumwa tumwa. Mtoto nilishambatiza."

"Umefanya nini?"

"Siku uliyopeleka magauni ya harusi. Nilikuja kumsalimia. Nimempa jina zuri la Papa mmoja shujaa."

Mshonaji hakuwa hata amefungua mdomo, Mkaguzi akaangua kicheko kikavu. "Umechelewa. Mimi nilimbatiza alipotoka tu hospitali, wewe ukiwa bado unahesabu makopo yako. Niliogopa huyu binti atanitangulia kwa Paroko. Padre angekuja tu kukamilisha mafuta na chumvi. Jina lake ni la Papa mwingine, na ndilo lake mbele ya Mbingu."

"Wa kwangu ndio halali."

"Wa pili haupo. Ubatizo haurudiwi."

"Kama wa kwanza ulikosewa, wa kwanza ndio haupo."

Wakaanza kubishana juu ya nani alimbatiza vizuri, vidole usoni, mtoto akiwa hapo hapo mapajani mwa mama mkwe, akinyonya lile ua la kufumwa. Mshonaji alimtazama mama mkwe. Uso wa mwanamke yule ulikuwa umezimika taratibu. Ile siku waliyoisubiri ilikuwa imekwishapita mara mbili, kwa siri, na yeye hakuitwa.

"Mmelitoka Kanisa," mshonaji alisema, na hakupaza sauti, ndiyo maana wote walimsikia. "Sasa mnafarakana wenyewe kwa wenyewe, kwa ajili ya jina ambalo hakuna mtu humu aliyelisikia isipokuwa mwenye kifaa. Haikutosha. Mkaja kumgawana mwanangu kichwa. Mtu anayevizia mama akiwa hatazami, akachukua kisicho chake, ana jina lake, na si la Kilatini. Anaitwa mwizi. Mapokeo gani? Hapa sioni mapokeo. Naona wazee wawili waliosusa, kila mmoja anasubiri abembelezwe, na mmetuvalisha shela tuje tuwabembeleze."

Akamchukua mtoto, akamshika mama mkwe mkono, wakatoka kwa mlango ule wa chuma, wakampita mteja wa rangi ya mabati.

Kufikia jioni ukoo ulikuwa na makanisa mawili. Baba Mdogo alibaki na ghala. Mkaguzi alihamishia lake kwenye chumba cha kulia, yeye na wafuasi waliotosha meza moja, akimtetea Mtakatifu Yosefu kwa ukali ambao mtakatifu mwenyewe hajulikani kuwa nao. Kila kanisa lilikuwa la kweli. Kila moja lilisema lile jingine limefarakana.

Na mshonaji? Alirudi kwa Paroko. Alitaka kujua kama mwanawe amebatizwa, na kama amebatizwa, na nani.

"Siwezi kukisia," Paroko alisema. "Ni lazima niwasikilize wote wawili, hapa, mbele yangu. Nikiridhika na mmoja, nitamwandikisha mtoto kwa ubatizo huo. Sijui kama watakubali kuja."

Wakaja. Hakuna karipio la askofu lililowahi kuwarudisha parokiani wanaume wale, lakini kila mmoja aliposikia kwamba ubatizo wa mwenzake unaweza kuandikishwa kuwa ndio halali, walifika kabla ofisi haijafunguliwa. Walikaa kwenye benchi moja, mmoja mwanzo, mmoja mwisho, chini ya tangazo la mazoezi ya kwaya. Mshonaji na mumewe na mama mkwe walisimama ukutani.

"Nifahamishe, Mkaguzi," Paroko alisema. "Unakiri kwamba mimi ni mamlaka hapa?"

"Nakiri kwamba una kitabu cha parokia."

"Inatosha kwa kuanzia. Eleza ulivyofanya."

Mkaguzi alieleza kwa fahari. Mtoto alikuwa usingizini. Alitamka maneno yote kwa Kilatini, bila kosa, akitia mkazo panapostahili. Alimwaga maji mara tatu.

"Wapi?"

"Kichwani."

"Alikuwa amevaa kitu kichwani?"

Mkaguzi alikohoa. "Kofia yake ya sufu. Kulikuwa na baridi. Nisingeweza kumwamsha, mama yake angesikia."

"Maji yaligusa ngozi?"

"Yaliingia kwenye kofia."

"Nakumbuka kofia ile," mama mkwe alisema. "Niliianika. Nilidhani amecheua."

Baba Mdogo alijipiga paja kwa furaha. Paroko akamgeukia.

"Mimi nilimvua kofia," Baba Mdogo alisema. "Mimi si wa kubatiza sufu. Alikuwa macho, nikamshika kwa mikono miwili, kwa heshima. Nikasema maneno. Maji yakamwagika utosini, mengi, yakashuka hadi masikioni."

"Mikono miwili ilimshika mtoto," Paroko alisema polepole. "Maji aliyamwaga nani?"

"Mke wangu."

"Na maneno ulisema wewe."

"Yeye Kilatini hajui."

Paroko alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. "Anayemwaga ndiye anayesema," alisema. "Hii wanafundishwa watoto wa komunyo ya kwanza. Mtu mmoja akimwaga na mwingine akasema, hakuna aliyebatiza. Mlivunja parokia kwa sababu sisi hatufanyi mambo sawasawa. Mkavunja ghala kwa sababu ya jina moja. Halafu mmoja wenu amebatiza kofia, na mwingine amemwogesha mtoto huku akisoma."

Mume wa mshonaji, yule balbu, alitoa sauti ya ajabu puani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu kumsikia akimcheka baba yake, na yeye mwenyewe alionekana kushtuka.

"Wa kofia una mashaka," Paroko alihitimisha. "Wa pili haupo. Kwa hiyo nitambatiza mimi, kwa masharti, nikisema: kama hujabatizwa. Jumapili, Misa ya pili. Nani atampakata?"

"Mama," mshonaji alisema.

Mama mkwe alimtazama mumewe. Mkaguzi alitazama tangazo la kwaya. Hakusema ndiyo. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, hakusema hapana.

Jumapili ilipofika Mkaguzi naye alikuja, amevaa suti, lakini kwenye ngazi za kanisa akasimama kama nguzo. Ndani kinanda kilikuwa kimekwishaanza, na mdundo wake wa ngoma. Baba Mdogo aliwapita bila salamu, akaenda kukaa mbele kabisa. Waumini walipita wakijifanya hawaangalii.

"Nitaingia," Mkaguzi alisema. "Nimeamua. Lakini uliniita mwizi mbele za watu wa Mungu, mkwe. Ulisema tumesusa tunasubiri kubembelezwa. Omba radhi kwanza. Hapa hapa, neno moja tu, nami nitaingia, na mama yako huyu ataingia kwa amani."

Mumewe alimsogelea. "Sema tu," alinong'ona. "Ni neno moja. Yaishe."

Mama mkwe alikuwa na mtoto mikononi, gauni jeupe limening'inia hadi magotini mwake. Alimtazama mumewe, akamtazama mke wa mwanawe, akapanda ngazi moja. Akasimama. "Mkaguzi," alisema, "hewa ya hapa ni baridi kwa mtoto." Kisha akapanda zilizobaki na kuingia, bila kugeuka nyuma.

Kwenye ngazi walibaki watatu, na mshonaji alijua kabisa anachokichezea. Zingekuwepo siku nyingi za kuishi nyumba moja na mzee huyu, za chumvi kukaguliwa na pindo kukaguliwa, na mume akiwa katikati yao. Alijua pia kwamba neno moja lingemwingiza, na kwamba akiingia kwa neno hilo atakuwa ameingia kama mtu aliyeombwa, na kesho atatoka tena ili aombwe tena.

"Baba," alisema, "mlango uko wazi, na kiti chako kipo karibu na Mama. Ukiingia nitafurahi, na chakula nitakupakulia mimi mwenyewe. Usipoingia, mwanangu atabatizwa vilevile. Lakini nilichokisema ghalani nilikisema nikiwa na akili zangu, na nikiulizwa tena nitakisema tena, kwa herufi zile zile. Sikuombi radhi leo, kesho sitakuomba, na usinisubiri."